Macho Chini, Mwamuzi Aliyeamini Miguu

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi waamuzi mliokuja na filimbi zenu shingoni, nasimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimzomea uwanjani na leo mmekuja kumsindikiza, asanteni, hakuwa na kinyongo.

Marehemu, tuliyezoea kumwita Macho Chini, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi viatu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, na mwaka uliofuata akaketi kwenye kigoda cha baba, katika chumba chenye dirisha moja na harufu ya gundi, akajifunza kumsoma mtu kwa soli yake kabla hajasikia shida yake.

Mwaka 1973, baada ya kufeli mara mbili, alifaulu mtihani wa uamuzi wa mpira wa kikapu, na hapo akakutana na kosa lililomsumbua maisha yake yote, kosa la kutembea na mpira, kwani mchezaji akishaudaka, mguu uliotangulia kugusa sakafu ndio egemeo, anaweza kuuzungukia apendavyo lakini haruhusiwi kuuinua na kuurudisha chini mpira ukiwa bado mikononi, na hayo yote hutokea kufumba na kufumbua, uwanja mzima ukitazama mpira na yeye peke yake akitazama miguu.

Tarehe 21 Mei 1976, zikiwa zimebaki sekunde nne, alimpulizia filimbi dada mmoja mrefu mwenye ulimi mkali, akidai egemeo lake lilikuwa mguu wa kulia, timu ya dada ikafungwa, na kesho yake asubuhi dada huyo akaingia kwa fundi wetu bila hodi, akambwagia viatu vyake mezani, akamwambia kama kweli ni fundi avisome. Cha kulia kilikuwa kizima, cha kushoto kimelika duara chini ya dole gumba, alama ya mguu anaouzungukia. Kaka akaomba radhi palepale, na wiki iliyofuata akaomba tena mbele ya uwanja mzima, wenzake wakasema amechanganyikiwa, kumbe amependa.

Walifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1977, wakajaliwa watoto watatu, na tangu hapo shemeji yangu hakuacha kuwaambia wageni kwamba mume wake hajui kushoto wala kulia, naye kaka akabaki na haja moja tu duniani, kwamba kabla hajafa mkewe akiri japo mara moja kuwa yuko sahihi.

Siku hiyo ilinukia tarehe 14 Agosti 2004, katika fainali, mfungaji alipopiga hatua ya mwisho na jukwaa zima likapaza sauti kwamba katembea, shemeji akiwa wa kwanza, lakini filimbi ya kaka haikulia. Kamati ilitazama mkanda mara tano, ikaona kwamba mguu wa kwanza ulipogusa sakafu mpira ulikuwa haujatulia mkononi, hatua ile haihesabiwi, mwenyekiti akasimama kumpa mkono, na shemeji akasema kamera ilikaa vibaya.

Mwaka 2021 kisukari kilimchukua mguu wa kulia, naye akawaambia madaktari kwamba sasa amebaki na egemeo tu, azunguke apendavyo, hakuna wa kumpulizia. Tarehe 5 Juni 2023, hospitalini, shemeji, akimkanda mguu ule wa kushoto, alimwambia mumewe kwamba siku ile ya fainali yeye kaka ndiye aliyeona sawasawa, na kaka, kwa pumzi aliyobakiwa nayo, akamwomba arudie kwa sauti ili muuguzi asikie. Akarudia. Kesho yake alfajiri akatutoka, ameshinda.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi yule shahidi wetu, majirani, na waamuzi wote. Pumzisha mguu, kaka, kwa amani, mchezo umekwisha na uamuzi wako umesimama.