Mzee Damas Ndahani na Ndege Yake ya Plastiki

Marehemu Damas Anthony Ndahani alizaliwa hapa Haneti tarehe 14 Agosti 1958, watu wakiwa wanapura mtama. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Anthony Ndahani na Mama Evodia, na alibatizwa mwaka huohuo. Bibi yake alisema mtoto mwenye macho makubwa namna ile hatapitwa na kitu duniani. Bibi alikosea kidogo, kama mtakavyosikia.

Alisoma Shule ya Msingi Haneti kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Akiwa darasa la saba, jioni moja alipokuwa malishoni, ndege ya kivita ilipita chini chini juu ya kijiji. Mbuzi walitawanyika vichakani, na Damas alirudi nyumbani na nusu ya kundi. Baba yake aliuliza mbuzi wako wapi.

"Wameikimbia ndege, baba."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi niliifuata."

Alichapwa, na mbuzi walipatikana kesho yake. Lakini ile ndege haikumtoka kichwani tena. Alimaliza kidato cha nne mjini Dodoma mwaka 1976, na mwaka uliofuata akaenda kuomba kuwa rubani wa jeshi. Kwenye vipimo alionyeshwa ukurasa wenye madoadoa ya rangi, akaulizwa anaona namba gani. Alijibu kwa adabu kwamba haoni namba, anaona mtama umemwagika. Daktari alifunga kitabu. Hapo ndipo alipojua, akiwa na miaka kumi na tisa, kwamba macho yake hayatenganishi nyekundu, kijani na kahawia. Nyumbani alisema nafasi zilikuwa zimejaa. Aliumia sana, na hakumwambia mtu.

Mwaka 1978 aliajiriwa kuwa karani wa masjala katika ofisi ya serikali mjini Dodoma, akafanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2018. Kalamu yake nyekundu aliifunga uzi ili asiichanganye na nyingine. Taa za barabarani zilipofika mjini, alizijua kwa mpangilio: ya juu simama, ya chini nenda. Wenzake walimwona mtu makini kupita kiasi, naye aliwaacha waone hivyo.

Alifunga ndoa na Dorothea tarehe 27 Julai 1985, wakajaliwa watoto watatu. Wakiwa bado wachumba alimpelekea kitenge alichokichagua mwenyewe dukani, akamwambia, "Nimekuletea kijani, ile unayoipenda." Kitenge kilikuwa chekundu kama tofali. Dorothea alisema asante, kizuri, akakivaa mpaka kikachanika. Baadaye alimwuliza taratibu, akaambiwa ukweli, na siri ikakaa ndani ya ndoa. Kuanzia siku ile mama huyu alimchagulia mashati, akamsomea rangi za dawa, wala hakuwahi kumwambia amekosea. Watoto walipokua nao wakajifunza kunyamaza. Ulikuwa upendo, hilo halina ubishi.

Mtu mmoja tu nje ya familia aliijua siri hiyo: jirani yake wa mtaa wa Nkuhungu mjini Dodoma, Swalihu Jaha, mwenye gereji ya kunyoosha bodi na kupaka magari rangi. Babu yake Swalihu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja na misafara ya biashara akabaki Dodoma, kwa hiyo yeye na marehemu, aliyekuwa Mgogo, walikuwa watani. "Babu yako alipita hapa na mzigo kichwani, akachoka," marehemu alikuwa akimwambia. "Ndiyo maana leo unanisumbua Nkuhungu." Swalihu naye alikuwa na lake: marehemu alipomwagiza apake geti lake rangi ya kijani, kisha akaingia geti jekundu la jirani mwingine akidhani ni lake, Swalihu alikaa chini barabarani akacheka. Akamwambia wazi, "Mgogo, wewe macho yako yana kutu." Marehemu alicheka pia. Hakuna mwingine aliyewahi kumwambia hivyo.

Desemba 2023, binti yake Aneth alirudi kutoka masomoni Uturuki na boksi. Ndani yake mlikuwa na ndege ya kivita ya plastiki ya kujenga mwenyewe, ya aina ileile iliyopita Haneti. Alikuwa amemhoji baba yake kwenye simu kuhusu mbawa na pua, akaitafuta mpaka akaipata. Haikuwa na rangi. Aneth alizinunua, lakini uwanjani zilizuiwa kwa kuwa zinashika moto, yaani rangi za ndege zilikatazwa kupanda ndege. Marehemu alikata vipande kwa wembe, akavilainisha kwa msasa, akavigandisha kwa gundi akivishika kwa kibano cha nyusi cha binti yake mwingine, Anitha. Mkono ulikuwa bado imara. Kiti cha rubani kilimchukua siku nyingi, na kilipokaa sawa aliita nyumba nzima waje kukitazama.

Rangi ilikuwa kazi ya Swalihu. Alichanganya mwenyewe, akaleta vichupa: kijani na kahawia za mabaka ya mgongoni, samawati ya tumboni, na nyekundu kwa ajili ya nembo. Vichupa havikuandikwa kitu, maana yeye mwenyewe angekuwepo. Siku ya kuanza, mwezi Juni 2024, aliona bawa la kulia lina mafuta ya vidole. Akafanya anachofanya kila siku kwenye bodi za magari: alilowesha kitambaa kwa thina, akafuta. Bati halidhuriki na thina, ila plastiki inayeyuka. Bawa lililegea mikononi mwake likajikunja.

Marehemu alisimama. "Toka," alisema.

Swalihu alicheka, akidhani ni utani. Kisha akamtazama usoni, akaweka kitambaa chini, akatoka.

Wenyeji mnaelewa uzito wa jambo hilo. Mtani hanuniwi. Anaweza kukuchukulia kuku na kumsema babu yako, na wewe unatafuta lako la kumrudishia. Siku ya msiba ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa na kumsema marehemu bila kumpamba. Damas Ndahani, mtu mpole, alimnunia mtani wake zaidi ya mwaka. Walipokutana njiani mmoja wao alivuka upande wa pili.

Novemba 2024 miguu yake ilianza kuvimba, na hospitali waligundua moyo umechoka. Alilazwa, akarudi, akalazwa tena. Siku moja alimwuliza mkewe, "Nikifa sasa, nani atanitania?"

"Mwite."

"Nimemwambia toka. Nitamwitaje?"

Aliirudia ndege badala yake. Alilijenga upya lile bawa kwa mabaki ya plastiki na gundi, akalisugua mpaka likanyooka. Julai mwaka huu akaanza kupaka rangi peke yake, kwa vile vichupa visivyo na maandishi. Upepo wa Dodoma ulikuwa umeanza na vumbi lilinata kwenye kila mpako wa rangi, kwa hiyo aliingia na ndege ndani ya chandarua akaipaka humo. Mama Dorothea alilalamika kwamba ndege inalala kwenye chandarua na wao wanaliwa na mbu.

Alipomaliza aliiweka juu ya kabati. Kijani aliipaka mahali pake. Palipotakiwa kahawia, alikuwa amepaka nyekundu kote. Anitha aliitazama, akasema, "Nzuri sana, baba." Mwanawe Fredy alisema nzuri sana. Mama alisema nzuri sana, akaenda jikoni. Marehemu alibaki kitandani akiitazama. Alikuwa mgonjwa, si mjinga; aliona wameisifu haraka mno. Alitaka mtu mmoja amwambie ukweli, na mtu huyo alikuwa amemfukuza.

Mama Dorothea hakumwambia mtu. Alijifunga khanga akaenda gereji.

"Shemeji, ndege imekwisha. Njoo uione."

"Ameniita yeye?"

"Hakukuita. Nakuita mimi."

Swalihu alikuja na nguo za kazi. Alipiga hodi, akasalimia, akasimama mbele ya kabati. Fredy alikuwa akimkonyeza anyamaze.

"Damas," alisema, "hii ndege au tenga la nyanya? Mbichi hizi, mbivu hizi. Unaenda vitani au sokoni?"

Marehemu alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, machozi yakamtoka, akamshika mkono. "Nilijua," alisema. "Nilijua kuna kitu. Mwezi mzima nimeishi na watu wanaosema nzuri sana." Kisha akasema, "Nisamehe lile toka." Swalihu akamjibu kwamba Mgogo hana nyumba ya kumfukuzia mtu, nyumba ni ya Dorothea.

Alikuja kila jioni baada ya swala ya magharibi, akipaka upya taratibu, upande wa kulia kwanza. Ulipokauka aliinyanyua ndege, akamgeuzia upande mmoja kisha wa pili. "Unaonaje?"

Marehemu alitazama kwa muda mrefu. "Kwangu ziko sawa," alisema. "Pande zote mbili ni ile ya Haneti."

Swalihu alifunika vichupa. "Basi wa kushoto siugusi."

"Usiuguse," alisema marehemu. Na alilala vizuri usiku ule, mama anashuhudia.

Mzee Damas Ndahani alifariki dunia hospitalini mjini Dodoma Jumatano, tarehe 10 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, mkewe akiwa pembeni. Tangu msiba uanze, Swalihu Jaha ameichukua ndege na kutangaza kwamba haitoki mikononi mwake mpaka apewe mbuzi. Familia imesikia. Mbuzi hatoki. Kwa leo tu amekubali ikae mezani karibu na picha, naye anailinda tangu asubuhi.

Mtakapopita kutoa heshima za mwisho, tunawaomba msiitazame upande mmoja mkaondoka. Upande wa kulia ni rangi zilivyo. Anayetaka kuiona ndege kama alivyoiona yeye, tangu utotoni hapa Haneti, asimame kushoto.

Ameacha mjane, Dorothea. Watoto Aneth, Fredy na Anitha. Wajukuu, ndugu na majirani wengi, pamoja na mtani mmoja.

Apumzike kwa amani, na Mungu aliyeziumba rangi zote amwonyeshe sasa kijani ilivyo.