Maseneta Wanne wa Bomba Moja

Mwaka ule wa themanini na nane, Wamarekani wakichagua rais, barazani kwa Kaltuma hapo Malindi kahawa haikushuka bila siasa. Siku hiyo fundi wa maji angepita alasiri aweke bomba moja tu. Asipoambiwa wapi, atalipeleka mtaa mwingine. Mtaa wao una pande mbili: Juu kuna nyumba sitini, Bondeni kumi na mbili. Kaltuma ni wa Juu, na goti lake limechoka na safari za kisimani. Msellem ni wa Bondeni, na mkewe mpya, wajuao husema, hashiki ndoo. Huyo Msellem wakimwita Balozi, kwa kuwa alipika mwezi mzima katika meli ya Wamarekani.

— Tufanye Kimarekani, akasema Balozi. Jimbo kubwa maseneta wawili, dogo wawili. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kumi wawe sawa na mia? akaruka Dzombo, waliyemwita Redio. Hiyo kasoro, bwana!

— Kasoro yenye adabu. Mdogo hamezwi.

— Na rais je? akauliza Kaltuma, huku akimimina.

— Huamuliwa na wajumbe wa majimbo. Miaka mia iliyopita mmoja alipata kura nyingi za watu, akashindwa. Akafunga virago kimya. Baada ya miaka minne akarudi, akashinda!

— Bila fujo? akashangaa Kaltuma. Wallahi, wale watu!

— Mimi ningefuta wajumbe, vihesabiwe vichwa, akasema Redio. Na majaji wao wasikae mpaka kufa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Tena marais wawe wawili, wa asubuhi na wa jioni.

— Wakigombana? akauliza Balozi.

— Watakutana adhuhuri tu, na adhuhuri wote wamelala.

Kaltuma, kwa kuwahusudu Wamarekani, akakubali maseneta. Yeye na Redio wa Juu, Balozi na shemejiye Seif wa Bondeni. Wakapiga kura bomba liwekwe wapi: wawili kwa wawili. Wakarudia: vile vile.

— Kule kura zikilingana huamua makamu wa rais, Balozi akakumbuka.

— Makamu wetu nani?

— Mimi! wakasema wote wanne.

Fundi akatokea, bomba begani.

— Salaam aleikum. Nichimbe wapi?

Kaltuma alitaka kusema "Juu", lakini sheria aliikubali kwa mdomo wake. Fundi akanywa kikombe kimoja, akangoja, akajitwika bomba lake akaenda.

— Lakini hatukupigana, akasema Balozi. Wamarekani wangetusifu. Sasa tuirekebishe hiyo sheria.

Kaltuma akainuka polepole, akachukua ndoo mbili, moja akampa Balozi.

— Haya, Balozi. Irekebishe njiani.