Mlango Niliufungua Mimi, Barua Akapewa Bi Taa

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bi Taa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali yetu, ishirini na miwili kati ya hiyo akiwa fundi wa mitandao. Wahariri wa jarida letu la wafanyakazi waliniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nimekaa naye chumba kimoja muda mrefu kuliko wengine. Walitaka kitu cha kuchekesha. Kitakuwepo kidogo. Lakini nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Alianza kwa kupokea simu pale mapokezi. Kompyuta zilipoletwa, mafundi waliozifunga waliondoka na maarifa yao. Yeye akabaki akifuata waya kwa kidole, kutoka ukutani hadi darini, mpaka akajua kila mmoja unaishia wapi. Jina la Bi Taa alipewa na wauguzi. Ukimpigia kwamba majibu ya maabara hayafunguki, kabla hujamaliza salamu anakuuliza, "Ile taa ndogo ya kijani kule nyuma inawaka?" Daktari bingwa mmoja alimjibu kwa ukali kwamba yeye hakusomea taa. Bi Taa akapanda ghorofa nne, akachomeka waya ambao mtu aliuchomoa ili achaji simu yake, akasema, "Pole, daktari. Mgonjwa wako amepona," akashuka zake.

Kazi alitufundisha kwa mpangilio. Tovuti ikigoma, usikimbilie kuzima mashine, anza miguuni. Angalia waya. Kisha ipigie hodi seva, ile kompyuta kuu inayobeba tovuti, yaani itumie ujumbe mfupi uone kama inaitika. Ikiitika, ifungue tovuti ukiwa umekaa kwenye seva yenyewe, halafu kwenye kompyuta ya jirani, halafu wodini. Pale inapokwama ndipo penye ugonjwa. Na juu ya kabati la mitambo kuna daftari jeusi: ukibadilisha chochote, unaandika kabla hujanyanyuka kwenye kiti.

Sasa niseme la kwangu.

Miaka sita iliyopita tulihamishia tovuti ya majibu ya maabara kwenye seva mpya. Bi Taa, wakati huo mkuu wa kitengo, alikuwa likizo, nikaachiwa kazi. Wodini hakikufunguka kitu. Mkurugenzi wa wakati ule akaja kusimama nyuma ya kiti changu, namsikia anavyopumua. Nikagundua kwamba geti letu, yaani kile kifaa kinachoamua nani apite kwenda kwenye seva, halikuwa na ruhusa ya seva mpya. Nikaufungua mlango kwa mkono, yaani nikaiweka ruhusa hiyo mwenyewe, bila kibali. Tovuti ikafunguka. Mkurugenzi akanipiga begani, "Huyu ndiye kijana wangu." Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, nikafurahi kama mtoto.

Ubaya ni kwamba geti lina kumbukumbu mbili. Ukibadilisha kitu kinafanya kazi papo hapo, ila usipokihifadhi, siku likizimwa na kuwashwa linarudia mambo yake ya zamani. Sikuhifadhi. Kwenye daftari sikuandika hata neno. Nilisema nitafanya kesho, na kesho yenyewe nikaenda kupongezwa.

Wiki saba baadaye mafundi umeme walikuja kubadilisha nyaya za chumba chetu. Bi Taa alizima vyombo vyote kwa utaratibu, akaviwasha kwa utaratibu. Saa mbili asubuhi simu za wodini zikaanza.

Akaanza miguuni. Taa zinawaka. Seva inaitika hodi. Ukikaa kwenye seva yenyewe tovuti inafunguka, ukivuka geti, kimya. Haikumchukua hata saa nzima kufika kwenye ugonjwa. Akageuka, akatutazama sote watano. "Mlango huu jana ulikuwa wazi, na kwenye daftari haumo. Nani aliufungua bila kuandika?"

Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba.

Kuufungua tena kulihitaji saini ya mkurugenzi, naye alikuwa kwenye kikao, hataki kusumbuliwa. Saini ikaja saa tisa alasiri. Saa saba nzima wauguzi walikimbia ngazi na karatasi mkononi, na wodi ya wazazi mama mmoja alisubiri majibu ya damu hadi mumewe akaanza kupiga meza. Hakufa mtu. Hilo si kwa juhudi yangu.

Kwenye kikao cha kuulizana, Bi Taa alieleza yote, hatua kwa hatua. Mkurugenzi, yule yule aliyeniona kwa macho yake nikiufungua, akasema, "Jana ilifanya kazi. Wewe umezima, umewasha, leo haifanyi. Unataka nimlaumu nani, umeme?" Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Akapewa barua ya onyo kwa uzembe. Ikatangazwa humu humu, ukurasa wa pili. Ukuu wa kitengo akanyang'anywa, nikapewa mimi. Mkurugenzi yule alishaondoka kwa keki na hotuba.

Mwezi uliopita chuo cha ufundi kilimwita Bi Taa akafundishe mitandao akishastaafu, jambo alilolitamani miaka yote. Wakauliza rekodi yake hapa, wakajibiwa kwamba ina onyo. Nafasi ikasimamishwa hadi mwisho wa mwezi huu. Nilimsikia kwenye simu akisema, "Hapana, haikuwa uzembe. Hapana, shahidi sina." Shahidi alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale, anakunywa chai.

Kesho yake nikamfuata, nikamwambia.

"Nilijua ni mmoja wenu," akasema. "Miaka sita nawapanga watano kichwani, natoa mmoja mmoja. Wewe nilikuwa nakutoa wa kwanza. Nilijiambia, huyu nimemfundisha mimi."

"Dada, nisamehe."

"Usinipe kazi nyingine mimi. Nenda kwa mkurugenzi. Halafu uandike kwenye jarida, maana ndiko walikonianika."

Mkurugenzi wetu wa sasa alisikiliza, akapendekeza tuitoe barua kimya kimya. "Mambo ya zamani, bwana. Tutafukua makaburi ya nini?" Nikamwambia onyo halikutolewa kimya kimya. Jumatatu akasaini. Barua imefutwa, chuo kimeandikiwa, na Bi Taa anaanza kufundisha muhula ujao. Mimi cheo nimevuliwa, nasubiri kamati ya nidhamu. Nanyi mliocheka siku ile, mnajijua. Aliwafungulia kompyuta zenu miaka yote hii, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mara ya pili.

Maneno haya nilimpelekea ayasome kabla ya kuchapishwa. Nilikuwa nimeandika kwamba nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Akachukua kalamu, akaikata sentensi hiyo. "Woga ni wa siku moja," akasema. "Siku zilizobaki ulikuwa umekalia kiti changu." Akanirudishia karatasi. Sentensi nimeiacha nje, kama alivyotaka. Kunisamehe hajasema, nami sijamuuliza tena.

Dada, kwa niaba ya wenzako wa chumba cha mitambo, asante kwa miaka thelathini na mmoja. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na simu za wodini, na darasa lililojaa wanafunzi wanaosema ukweli ukiwauliza. Nenda salama.