Koti Jeupe na Mwali wa Dada Yangu

Vijana wa parokia hii, na wajukuu zangu wa kuzaa mtakaosoma karatasi hii: Bwana asifiwe, mimi msinisifu. Nilisoma mpaka darasa la tatu, mtanivumilia mwandiko. Nasikia mnaagiza krimu kwenye simu, za kupaka na za kuchoma sindano, mpate weupe. Sikukaa chini kuwatukana. Nataka kusema nilichofanya mimi, maana mnamwona Telesia kanisani, mnamwangalia usoni, mnanong'ona, na hakuna anayewaambia.

Ndugu zangu, kabla serikali haijatoa ruksa ya kuingiza bidhaa za nje, hata sabuni ya kuogea tulikuwa tunaipanga foleni. Ilipokuja ruksa, maduka ya hapa Morogoro yakajaa vitu ambavyo hatukuvijua. Krimu za tyubu, losheni, chupa zenye picha ya mwanamke mweupe. Nikanunua, nikachanganya kwenye kopo, nikaweka na vitu vingine ambavyo sivitaji, msije mkajaribu. Watu wakauita mkorogo. Nilikuwa napeleka mpaka gulio la Mkuyuni, wanawake wa Matombo wanateremka kunifuata.

Halafu kwenye mitumba nikaokota koti jeupe la daktari. Mfukoni limeshonwa jina la mtu wa Ulaya, sijui kulisoma. Nikalivaa. Nikaweka kiti na kioo kwenye chumba changu cha mbele, wanawake wakaanza kuniita Daktari, nami nikaitika. Jumapili nilikuwa naimba kwaya.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Sisi Waluguru mwali anawekwa ndani. Zamani alikaa muda mrefu, hapigwi jua, akitoka ngozi imekuwa laini na rangi imefunguka. Watu wakimwona wanasema nyumba hii inajua kufuga mwali. Lakini shule ikaja, mwali anakaa likizo tu, anatoka na rangi ileile ya kuchotea maji. Akina mama wakaona aibu. Wakaniletea mabinti zao niwapake, ionekane wamekaa ndani mwaka mzima. Tulikuwa tunadanganya ngoma yetu wenyewe, ndugu zangu, na mimi ndiye niliyekuwa nashika kopo.

Telesia ni mtoto wa marehemu dada yangu. Dada alipokufa aliniachia huyo mmoja. Alipomaliza darasa la saba nikamweka ndani chumba cha nyuma, nikasema wa kwangu atawashinda wote. Nikampaka asubuhi na jioni, kutoka kwenye kopo kali kuliko la wateja.

Siku ya nne akaniambia, "Mama mdogo, panawaka."

Nikamwambia, "Ndiyo inaingia. Tulia."

Nyumba yetu mwali hapazi sauti. Akitaka kitu anagonga ukuta. Siku ya tano, mchana kweupe, nina wateja watatu mbele, ukuta ukaanza kugongwa. Ukagongwa, ukanyamaza, ukagongwa tena. Mmoja akacheka, "Daktari, mwali wako anataka kutubomolea nyumba?"

Nikasema, "Anadeka huyo. Kazaliwa peke yake."

Wakacheka, nikacheka nao. Nikaendelea kumpaka yule mama shingoni mpaka nikamaliza. Mimi nilijua mtoto haiti maji. Nilijua. Lakini ningefungua mlango ule, wateja wangeona nilichokuwa nawauzia. Hilo ndilo ninalolionea aibu mpaka leo kuliko krimu yenyewe.

Nilipoingia, mashavu yalikuwa yametoka maji, ngozi inabanduka kama ya kiazi kilichochemshwa, macho yamevimba hayafunguki. Nikamfunika kanga, nikampeleka hospitali.

Nesi akauliza, "Mama, mtoto amepakwa nini?"

Nikajibu, "Liwa tu, nesi, unga wa mti. Mambo yetu ya mwali."

Siku mbili nikawa nasema liwa. Walimsafisha, wakampa dawa, macho yakazidi kuvimba. Siku ya tatu nesi akaniambia mbele ya wagonjwa wote, "Mimi sio polisi, mama. Tukijua alichopakwa tutajua cha kumpa. Macho ya huyu mtoto yanaondoka." Akamwinamia Telesia, akamuuliza yeye.

Telesia akasema, "Ni liwa, nesi."

Ndugu zangu, mtoto yule haoni, uso wote kidonda, na bado alinifichia. Mwali wa watu, anamlinda aliyemchoma. Nikatoka nikakaa kwenye benchi la nje. Sikuomba maombi marefu. Nilisema, "Mungu, nimekwisha. Nitoe humu." Nikasimama, miguu ikanipeleka nyumbani, nikachukua kopo na tyubu zote. Nikazifunga ndani ya lile koti, nikarudi, nikafungua mzigo juu ya meza ya nesi.

Nikasema, "Hiki ndicho alichopakwa. Nimempaka mimi."

Nesi akaangalia koti, akaniangalia. Hakunitukana. Akakimbia kumwita daktari. Ningependa angenitukana.

Mungu ni mwema, macho yalipona. Uso ndio huo mnaouona, mabaka meusi na mekundu, na jua likiwaka anaumwa. Nilizunguka kwa wateja nyumba kwa nyumba mpaka Mkuyuni, nikawaambia waache. Wengine walinifungia mlango.

Lakini nisiwadanganye tena. Mungu alinitoa kwenye uongo siku ile, na mimi nikaingia kwenye uongo mwingine. Miaka yote hii mgeni akibisha hodi nilikuwa nasema, "Telesia, hebu katazame moto." Alikuwa anajua. Alikuwa anaondoka bila neno, kama mwali. Mwezi uliopita walipokuja watu wa posa ya mjukuu wangu, nikafungua mdomo kusema vilevile, nikamkuta ameshasimama mwenyewe, anaelekea jikoni. Sikuwa nimemwambia bado.

Nikasema, "Telesia, rudi ukae." Akakaa. Nililia mbele ya wakwe.

Vijana, Mungu anapokea aibu. Mpelekeeni ikiwa mbichi, msikae nayo kama mimi. Na anayekupaka kitu asichotaka kukitaja jina, ondoka kwenye kiti chake.

Jioni ile wageni walipoondoka niliwaita wote wa nyumba yangu, wakubwa na watoto, nikawaambia hivi: kuanzia leo mgeni akibisha hodi, Telesia ndiye atakayefungua mlango. Na mtu akiuliza uso umepatwa na nini, asijibu yeye. Mniite mimi, nije nijibu.