Saa ya Kewal: Maisha ya Mzee Mardochée Lubunga

Mzee Mardochée Lubunga, tunayemrudisha udongoni leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 mjini Uvira, kitindamimba wa Mzee Ignace na Mama Jeanne. Mama yake alimfundisha jambo moja ambalo hakulisahau mpaka kufa: sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa samaki, sahani irudi na muhogo, na kama muhogo hakuna, irudi hata na chumvi.

Alisoma shule ya msingi ya misheni palepale Uvira, kisha akajifunza useremala Bukavu na kuhitimu mwaka 1978. Tarehe 11 Agosti 1984 alifunga ndoa na Mama Gisèle. Alimpata kwa kumtengenezea baba mkwe kabati bila haraka yoyote, akirudi kila juma kupima upya mlango uleule. Mungu aliwajalia watoto watatu. Vita viliwatoa nyumbani mwaka 1996, wakaishi kambini Kigoma miaka kumi, na Oktoba 2006 wakafika Birmingham, wakapewa nyumba Newtown. Alifanya kazi katika kiwanda cha milango huko Aston mpaka mgongo ulipomstaafisha mwaka 2018.

Katika baridi yake ya kwanza hapa, akiwa kituo cha basi, alilalamika kwa sauti bila kutarajia jibu.

“Hii baridi itatuua siye bote!”

“Haiwezi ua, bwana,” mzee mmoja mwenye kilemba akamjibu kutoka nyuma. “Itakuzoea tu.”

Huyo ndiye Bwana Kewal, mzaliwa wa Kisumu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa hajapata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili nje ya nyumba yake. Tangu siku ile wakawa chanda na pete. Sombe ya Mama Gisèle, kile kisamvu cha kwetu, ilipanda basi kwenda kwa Mama Rajni, mke wa Kewal, na sahani zikarudi na chapati.

Ukutani kwa Kewal palikuwa na saa ya kale sana, ya shaba, kazi ya fundi wa kijiji kimoja cha Kiingereza aliyechonga jina lake kwenye uso wa saa. Ilivutwa mnyororo kila asubuhi, na ilikuwa na mshale mmoja tu, wa saa. Dakika haikuzijua. Mzee Mardochée hakuchoka kuitania.

“Saa yako ni kilema, Kewal. Iko na mukono moja.”

“Inatosha, bwana. Inasema karibu saa nne. Mimi na wewe tunakimbilia wapi?”

Mwaka 2019 Kewal alisafiri kwenda Kisumu kumzika kaka yake. Saa aliiacha kwa Mzee Mardochée, kwa kuwa mwanawe Hardeep, alisema, angesahau kuuvuta mnyororo. Mzee aliivuta kila asubuhi kabla hata ya chai. Lakini siku za kurudi kwa mwenyewe zilipokaribia, moyo ukaanza kumsumbua: atarudishaje kitu cha rafiki tupu, kama kilivyokuja? Akaipeleka kwa fundi mmoja Digbeth. Fundi alimuuliza mara mbili kama ana hakika, naye akajibu anayo. Uso wa saa ukatobolewa, magurudumu yakaongezwa ndani, mshale wa pili ukawekwa. Kewal aliporudi, aliibeba hadi nyumbani kwake Aston akiwa amevaa suti ya kanisani.

Hardeep ndiye aliyeifunua. Alimwambia baba yake kwa Kiingereza kwamba saa imeharibika. Mafundi wale wa zamani waliziunda na mshale mmoja makusudi, na zilizobaki bila kuguswa zinahesabika. Kewal akamwambia anyamaze, lakini Mzee Mardochée alikwisha kusikia. Aliiacha chai yake mezani, akaaga.

Hakurudi tena. Uso umeumbwa na haya, na wake ulikuwa na haya ya kuwatosha watu wawili. Akawa anashuka basi kituo kimoja kabla, ili asipite mlango ule. Corona ilipokuja alipata kisingizio, na ilipoondoka, kisingizio kikabaki.

“Muzee, uende umuone ndugu yako,” Mama Gisèle alimsihi.

“Nitamuangalia na macho gani, Gisèle?”

Kabatini kwao ilibaki sahani ya mwisho ya Mama Rajni. Mzee hakutaka irudishwe, wala hakutaka itumiwe.

Novemba 2024 figo zake zilianza kushindwa. Hospitalini alimwambia binti yake Sylvie, “Nikipona tu, naenda kwa Kewal.” Sylvie akataka kumpigia Kewal simu papo hapo, Mzee akakataa, hakutaka kuonwa akiwa kitandani. Watoto walimtii, na utii huo unawauma hadi leo. Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025.

Siku iliyofuata Mama Gisèle aliitoa ile sahani kabatini, akapanda basi kwenda Aston kupeleka habari za msiba. Kwa mara ya kwanza sahani ilirudi tupu. Alipoingia aliikuta saa ukutani, inatembea, na mishale yake miwili.

“Hardeep alitaka kutoa hii ya pili,” Kewal alisema. “Mimi nilikataa. Ndugu yangu ndiye aliniletea. Nilifikiri amekasirika na maneno ya huyu kijana. Nikasema nitangoja, moyo yake ikipoa atakuja.”

Mama Rajni aliipokea sahani, akaishika mapajani muda wote waliokaa pale.

Marehemu ameacha mjane, Mama Gisèle, watoto, Sylvie, Arsène na Mireille, wajukuu watano, na ndugu yake, Bwana Kewal wa Aston, aliyeomba aandikwe hapa, naye ameandikwa. Apumzike kwa amani Mzee wetu. Mlangoni kwa Kewal alikuwa akingojwa.