Kisu cha Kona ya Nyuma

Dada Icilda Parchment anastaafu Jumamosi hii, tarehe 28 Februari, baada ya kulitumikia Kanisa la Moravian la Rehobothi, St. Elizabeth, kwa miaka thelathini na minne. Kwenye karatasi za ajira yeye ni mfagizi. Cheo hicho hakijawahi kubadilishwa kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukibadilisha, na mwenyewe hakuwahi kudai. Lakini ukiuliza barabarani mfagizi wa kanisa ni nani, hutajibiwa. Uliza mwenye bustani, utapelekwa hadi mlangoni kwake.

Kazi ya kuandika haya nimepewa mimi kwa kuwa darasa langu la chekechea linatazamana na bustani, na madirisha yangu hayana pazia. Niliyoyaona ni mengi. Mengine Dada Icilda aliniomba niyaache, nami nimeacha machache.

Alikuja kufagia, na nyuma ya kanisa palikuwa na kiwanja cha miba na mbuzi wa watu. Wakati ule, kama sasa, wazee wasioweza kutoka nyumbani walipelekewa ushirika mtakatifu kila mwezi, na Dada Icilda alikuwa akimbebea mchungaji wa siku hizo mkoba. Walipotoka nyumba ya tatu akasimama katikati ya njia. "Mchungaji," akamwambia, "tunawapa kipande cha mkate kama ukucha, tunawaambia wale kwa shukrani, na yule mama hajatia kitu tumboni tangu jana." Kesho yake Dada Icilda aliazima jembe akaanza kung'oa miba.

Hapo ndipo ilipozaliwa supu ya Alhamisi. Maboga, mchicha, mbaazi, viazi vikuu na madonge ya unga huingia kwenye sufuria ya jikoni kwetu asubuhi, na mchana wazee wa majumbani wanakula. Watoto wangu wa chekechea hulamba kilichobaki. Udongo wetu mwekundu na mvua zetu za kubahatisha kila mtu anazijua, lakini Alhamisi haijawahi kurukwa, hata mwaka ule kimbunga kilipoondoa mabati ya jikoni. Siku ile supu ilipikwa kwenye mawe matatu, chini ya mwavuli wa Dada Icilda, na ilikuwa na chumvi nyingi mno. Wazee waliimaliza.

Si msemaji wa ibada huyu. Kwenye mkutano wa maombi huomba sentensi moja na kuketi. Mahubiri yakianza husinzia, tena kwenye benchi la mbele, na Mchungaji Tulloch ameshazoea kuhubiri akiutazama utosi wa kofia yake. Lakini sijawahi kumwona akitia jembe ardhini kabla ya kuivua kofia hiyo na kusimama kimya pale tuta linapoanzia. Nilimuuliza mara moja huwa anasema nini. "Sisemi kitu, Mwalimu. Wengine Mungu amewapa sauti. Mimi amenipa mgongo, basi namtolea mgongo."

Bustani ile haina uzio, na pembe zake hazivunwi na kanisa. Ni za maskini na mpita njia, kama Maandiko yalivyoagiza tangu zamani, na anayechuma haulizwi. Mzee wetu wa kanisa, Bwana Cleveland Moxam, amekuwa akidai uzio tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Kila alipodai, jibu lilikuwa lile lile: "Mzee Moxam, imeandikwa tuache pembe. Nitafutie palipoandikwa tuzungushe waya." Mzee angali anatafuta.

Msidhani ni malaika. Wenyeji mnajua kwamba hapa kwetu boga changa halinyooshewi kidole, maana litaoza. Dada Icilda aliingia darasani kwangu kuwafundisha watoto kwamba huo ni ushirikina, na kwamba Bwana hatishwi na kidole cha mtu. Siku ya pili mtoto mmoja akalinyooshea boga kidole. Kwa macho yangu nilimwona mwalimu wetu wa imani akimlazimisha mtoto aviume vidole vyote kumi, kimoja kimoja, kama desturi inavyotaka. Aliponiona dirishani nikicheka hakuona haya. "Imani ninayo," akasema, "lakini hili boga ni la Alhamisi."

Halafu kuna habari ya matandazo. Hapa bila kufunika udongo kwa majani makavu hulimi, jua litakula kila kitu. Mchungaji Tulloch alipohamia kutoka Kingston alitaka kumpunguzia dada mzigo, akawakusanya vijana, wakakata majani gari zima, wakatandaza bustani yote huku wakiimba. Hakuna aliyetazama vichwa vya majani yale. Yalikuwa yamekwisha kutoa mbegu. Mvua iliponyesha tukaamka tuna malisho, na mbuzi wa kijiji kizima wakaja kutushukuru. Dada Icilda hakugomba. Alimpelekea mchungaji panga nyumbani kwake. "Mchungaji, ulichopanda kimeota. Karibu uvune." Tangu mwaka ule mahubiri yake juu ya magugu katikati ya ngano yana uzito ambao hayakuwa nao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo bila hilo wasifu huu ungekuwa nusu.

Miaka kumi na tisa iliyopita ukame ulikuwa mkali hata kisima cha zege kinachokinga maji ya paa la kanisa kilibaki na tope. Pembe za bustani zilichumwa zikawa peupe, na hilo lilikuwa sawa. Lakini alfajiri moja tulikuta tuta la katikati, mchicha wa sufuria ya Alhamisi, limeng'olewa. Wiki iliyofuata, jingine. Kilichomuuma Dada Icilda si kuibiwa. Mchicha ukiukata juu ya fundo huchipua tena, na utakula mwezi mzima. Huyu alikuwa anauvuta na mizizi. "Ana haraka," alisema akiwa amechuchumaa juu ya mashimo. "Mtu mwenye haraka hivi ana njaa, au ana haya."

Mzee Moxam alinunua waya kwa fedha yake mwenyewe, akaleta na habari za mbwa. Kikao kilikuwa kikali, na wengi wetu tulikuwa upande wa waya, mimi nikiwemo. Dada Icilda aliomba apewe mpaka Jumapili ya Mavuno, akapewa shingo upande. Jioni hiyo alipigilia msumari kwenye pembe ya nyuma, kule nyuma ya kisima ambako mtu wa barabarani hakuoni, akaning'iniza kisu kizuri chenye mpini wa mti. Kisha akahamisha mistari miwili ya mchicha kutoka katikati akaipanda huko huko.

Asubuhi kisu hakikuwepo. Mchicha ulikuwa umeng'olewa vile vile.

Mlicheka, msikatae. Mzee Moxam alisema barabarani kwamba sasa kanisa linamlisha mwizi na kumnunulia vyombo. Dada Icilda akaning'iniza cha pili, nacho kikaenda. Siku aliponing'iniza cha tatu nilitoka darasani kwenda kumsihi. Nikamwambia, "Dada, atafungua duka la visu." Akanijibu bila kugeuka, "Basi tutajua pa kununua."

Cha tatu hakikuondoka. Alfajiri ile kisu kilikuwa kwenye msumari wake, kimefutwa, na mchicha umekatwa juu ya fundo, sawasawa, kama mtu aliyefundishwa. Dada Icilda alikishika kile kisu, akakisogeza puani, akakirudisha. Nililiona hilo kupitia dirishani na sikulielewa. Baada ya muda tukaanza kukuta matandazo yamerudishiwa pale upepo ulipoyafunua, na wakati mwingine tuta limemwagiliwa kabla hatujafika. Mwizi tena hakuwepo. Waya wa Mzee Moxam ndio ule unaobeba maharage ya kutambaa karibu na choo, na umezaa vizuri kila mwaka.

Miaka ikaenda, magoti ya Dada Icilda yakaanza kulia. Daktari amemwambia aache kazi mara mbili, na mara mbili aliahirisha. Baadhi yetu tulimsengenya kwamba anaing'ang'ania nafasi. Haikuwa hivyo. Kila aliyeulizwa kama atairithi bustani alikubali kwa sharti la kwanza kuzungusha uzio, na mkulima mmoja wa matikiti alikwisha kuomba kiwanja akikodi. Mwaka huu kamati ilisema wazi: asipopatikana mtu kufikia Jumapili ya Mavuno, mkulima atapewa. Nilimkuta Dada Icilda amekaa kwenye ukingo wa kisima, kofia mapajani. Ndiyo mara pekee nimeyaona machozi yake. "Matikiti ni chakula kizuri," aliniambia. "Lakini nani ataacha pembe?"

Jumapili ya Mavuno ikafika. Miwa ilifungwa kwenye mabenchi kama kawaida, mashelisheli na maboga yakapangwa mbele ya madhabahu, na katikati yake palikuwa na fungu kubwa la mchicha ambalo hakuna aliyejua limetoka kwa nani. Mchungaji alipoliinua ili aliombee, visu viwili vikaanguka sakafuni. Vilikuwa vimenolewa mara nyingi hata vikabaki vyembamba kama majani ya miwa.

Aliyesimama ni Vashti Ebanks. Mnamjua nyote: ndiye anayetuletea samaki kutoka pwani kila Ijumaa, amebeba beseni kichwani, sauti yake ikimtangulia. Siku hiyo sauti ilikuwa ndogo. Ameniruhusu niyaandike maneno yake. Kwa kweli ameniagiza.

"Ni mimi," alisema. "Mwaka ule baba watoto alikwenda Kanada kuchuma matufaha, akanyamaza mpaka leo. Nina watoto wanne na bahari haitoi. Pembe za bustani zilikuwa wazi, najua, lakini ziko barabarani. Niliona aibu watu wanione nachuma cha maskini. Nikaona heri niibe. Kisu cha kwanza nilidhani ni mtego, nikakichukua kwa ukorofi. Cha pili nilikichukua kwa hasira, nikasema huyu mama ananichezea. Cha tatu nilipokikuta pale nyuma, mahali asiponiona mtu, nilikaa chini nikalia, halafu nikakata kama binadamu. Watoto wangu wamekua kwa pembe ile. Sina cheti. Naomba kazi. Uzio sitaki."

Dada Icilda, ambaye kwa mara moja katika maisha yake alikuwa macho saa za ibada, aliinuka kwa shida, akaokota kisu kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye makali.

"Umekinoa vizuri," akasema. "Nilikuwa nakungoja."

"Ulijua, mama?"

"Vashti, kile kisu kilikuwa kinanuka samaki wa kolekole kila asubuhi. Mimi ni mzee, lakini pua ninayo."

Tulicheka hadi miwa ikaanguka, na wengi wetu tulikuwa tunalia hapo hapo tukicheka. Miaka kumi na tisa alijua, na kila Ijumaa alinunua samaki kwake, wakabishana bei, wakaulizana habari za watoto, na hakusema neno. Wa kwanza kuinua mkono kumkubali Vashti alikuwa Mzee Moxam. Alisema tu, "Dada Ebanks, uje uchukue ule waya uliobaki, utambazie maharage, nyumbani unashika kutu tu." Kamati haikuhitaji kuhesabu kura, na mkulima wa matikiti ametafutiwa kiwanja kingine.

Dada Icilda, wewe hupendi kusifiwa, kwa hiyo vumilia kidogo, tunamaliza. Asante kwa supu ya kila Alhamisi. Asante kwa watoto waliokula kwako kabla ya kujua kusoma. Asante kwa kutufundisha sisi wa upande wa waya kwamba kuna njaa inayoona haya, na kwamba mwenye upendo huitafutia pembe iliyo nyuma ya kisima. Tulikuwa tunaamini kwa midomo, wewe ukatuonyesha kwa udongo kwenye kucha.

Mungu akupe magoti mapya, usingizi mtamu nje ya saa za mahubiri, na siku nyingi za kukaa barazani ukitazama wengine wakilima vibaya. Kuanzia Jumapili wewe si mwenye bustani tena. Ni mpita njia kama wengine, na sheria ya mpita njia uliiweka mwenyewe. Mchicha upo, kisu kiko kwenye msumari. Ukipita, chuma, mama. Hakuna atakayekuuliza.

Kwa niaba ya wafanyakazi wenzako wote,
Hyacinth Powell, mwalimu wa chekechea