Mgeni Asiyeulizwa: Wasifu wa Marehemu Elikana Barutwanayo (1987–2024)

Umesomwa na dada yake, Letisia, mazishini, Giteranyi, tarehe 20 Mei 2024

Marehemu Elikana Barutwanayo alizaliwa tarehe 9 Juni 1987 hapa hapa Giteranyi, mkoani Muyinga, mtoto wa nne wa marehemu mzee Kasiano na mama Ruth. Alizaliwa miguu ikitangulia, na mama husema tangu siku hiyo hakufanya jambo hata moja kwa njia ya kawaida.

Mapema mwaka 1994 familia ilikimbilia Tanzania, na Elikana akakulia katika kambi ya Lukole, wilayani Ngara. Huko alisoma shule ya msingi na sekondari. Alikuwa mwanafunzi wa wastani, tusimpambe leo kwa sababu amelala. Shule aliyoipenda ilikuwa kibanda cha video, ambako kijana mmoja aitwaye Matata alitafsiri filamu za kutisha kwa Kiswahili, kwa mdomo, picha zikiendelea. Watoto wote walitazama kioo. Elikana aligeuka akawatazama watazamaji. Alirudi nyumbani akatueleza kwamba watu hushtuka zimwi likitokea, lakini wanaogopa zaidi kabla halijatokea. Baba alimkataza kwenda kibandani mara nyingi, na mara zote alikwenda.

Tulirudi Burundi Agosti 2007 kupitia mpaka wa Kobero. Wiki ile ile baba yetu mdogo alifariki, nasi tukaja msibani kwenye kilima hiki. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita na nyuso zilikuwa zimebadilika. Ndugu zetu walidhani sisi ni wageni wa upande wa mjane, na upande wa mjane walidhani sisi ni watu wa kanisani. Walitukaribisha benchi, wakatupa chakula, wakatushukuru kwa kufika. Hakuna aliyetuuliza sisi ni akina nani. Baba aliona si heshima mtu kujitangaza msibani, akasubiri aulizwe. Alikula sahani yake kimya kwenye mazishi ya ndugu yake wa damu, halafu tukaondoka. Mambo yalitengenezwa baadaye na sisemi haya kumlaumu mtu. Nayasema kwa sababu Elikana hakuyasahau.

Alianza kazi Kobero akipakua malori, hadi alipopata kamera yake ya kwanza. Mwaka 2011 alihamia Gitega, mtaa wa Nyamugari, akafungua studio ya kurekodi harusi na mazishi. Familia zilikuja kutazama mkanda kabla ya kuuchukua, na hapo ndipo alipoona jambo ambalo wengine hatukuliona. Katika kila mkanda wa mazishi palikuwa na sura moja ambayo hakuna aliyeijua. Mjane aliuliza, "Huyu ni wa kwenu?" Shemeji alijibu, "Si ni wa kwenu?" Wakacheka, mkanda ukaendelea.

Kutokana na sura hizo alianza, mwaka 2019, kuandika filamu ya kutisha. Zimwi lake la kwanza lilikuwa na pembe na meno. Jirani yake Mahmudu, fundi cherehani, alilishonea vazi la ngozi ya mbuzi. Elikana alilivaa akatoka nalo barabarani, na watoto wa Nyamugari wakamfuata mtaa mzima wakiomba kupigwa naye picha. Mahmudu, ambaye yuko nasi hapa, alimwambia akiwa anakusanya sindano zake, "Elikana, mi nakuambia, hii ngozi haiogopeshe mutu. Mutu anaogopa kitu yenye iko karibu."

Basi akalivua pembe. Zimwi la pili lilikuwa mtu nadhifu, mwenye koti safi na viatu vilivyopigwa rangi. Linafika msibani, linaketi benchi la nyuma, linalia inapopasa kulia. Kila upande unadhani ni mgeni wa upande mwingine. Mazishi yakiisha linaifuata ile nyumba ambayo haikuuliza, linakalia kiti cha marehemu, na polepole watu wa nyumba hiyo wanasahau jina la mtu wao. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. La Elikana halikujuana na mtu, ndiyo maana lilimaliza.

Tarehe 14 Septemba 2013 alikuwa amefunga ndoa na Bora, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Uvira, aliyekuja Gitega kwa vita na akabaki kwa mapenzi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Sylvestre na Upendo. Bora ndiye aliyekuwa msikilizaji wa kila ukurasa. Usiku mmoja marehemu alimsomea wahusika wote, mjane, shemeji, mchimba kaburi, akasubiri sifa. Bora aliendelea kukunja vitenge, kisha akasema, "Batu bako bote banaogopa, hakuna mwenye anapenda mwenzake. Sasa iyo zimwi itabanyanganya nini?" Elikana alinuna siku mbili. Siku ya tatu alianza upya, na kila mhusika akampa mtu wa kumpenda. Kilichomshinda kilikuwa mwisho. Hakujua zimwi kama lile linashindwaje.

Mwishoni mwa mwaka 2022 alianza kuvimba miguu, na madaktari wa Gitega wakasema ni figo. Alivumilia matibabu bila kulalamika sana, ila chakula kisicho na chumvi alikisema kila siku. Ugonjwa ulipozidi, maneno nayo yakazidi. Ilisemwa kwamba amekaribisha kitu kwa kalamu yake na sasa kinamla. Wako walioacha kununua vitenge vya Bora na kuwakataza watoto wao kucheza na wa kwake. Jana niliombwa kwa heshima niiruke sehemu ya filamu katika wasifu huu. Sikuiruka. Ndugu yangu ameuawa na figo, na hasira niliyo nayo juu ya maneno yale nitakwenda nayo kanisani mwenyewe.

Wiki moja kabla hajafariki aliniita karibu na kitanda. "Dada, nimepata mwisho," alisema. "Hakuna panga wala kelele. Mjane anakwenda benchi la nyuma, analiuliza lile zimwi, 'Wewe ni nani? Umetoka wapi? Umekula?' Basi. Hakuna aliyewahi kuliuliza." Nilimuuliza zimwi linafanya nini. Akasema, "Linataja jina lake. Halafu linalia, safari hii kweli." Alilala usingizi wa milele alfajiri ya tarehe 17 Mei 2024, Bora akiwa amemshika mkono.

Leo asubuhi nilikuta minong'ono hapa nyumbani. Tangu jana jioni palikuwa na mama mmoja amejifunika kitenge cha kijani, benchi la nyuma, ambaye hakuna anayemjua. Sisi tulidhani ni wa kutoka Gitega, na wa Gitega walidhani ni wa kwetu; Bora alikuwa chumbani na kina mama tangu jana, hakuwa amemwona. Wengine walikuwa wameanza kukaa mbali naye. Nilikwenda nikamuuliza kama nilivyofundishwa. Akajibu, "Mi ni Martha, mama ya Bora. Nimetoka Uvira. Kirundi siijue, nikaogopa kusumbua wenye kulia." Alikuwa hajala.

Marehemu ameacha mjane, Bora. Watoto wawili, Sylvestre na Upendo. Mama mzazi, Ruth. Dada na kaka watatu. Rafiki yake Mahmudu. Na mama mkwe, Martha, ambaye sasa ameketi benchi la mbele, kati ya mama yetu na binti yake.

Tukitoka kaburini, kabla ya kunawa mikono, kila mmoja amgeukie aliye kando yake amuulize jina, atokako, na kama amekula. Elikana, lala salama mikononi mwa Mungu. Benchi la nyuma tumeliuliza.